Jinsi Linux inavyohifadhi faili

LINUX, ambayo kiini chake kilibuniwa 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi nchini Finland, haitambui diski kwa herufi C au D. Diski zote huunganishwa chini ya mzizi mmoja unaoandikwa kwa alama ya mkwaju (/), nazo faili za mtumiaji huwekwa katika folda ya /home.

Mpangilio wa faili unaotumika sana ni ext4, uliokamilika 2008. Mpangilio huu hunakili kwanza mabadiliko yake katika daftari maalumu, hivyo umeme ukikatika ghafla hauvurugiki kwa urahisi. Hata hivyo, daftari hilo haliokoi faili diski inapofomatiwa. Anayeweka Linux kwa mara ya kwanza yafaa atangulie kunakili kazi zake kwenye diski nyingine.