Bweranyange: Kikale cha Nyasi, Hazina ya Chuma

Novemba 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walipokelewa katika ufalme wa Karagwe na Omukama Rumanyika, mfalme aliyewakirimu kwa wema mkubwa. Kikale chake, yaani makao yake ya kifalme, kilikuwa Bweranyange, kilimani juu ya ziwa dogo. Grant aliona linafanana na Windermere ya kaskazini mwa Uingereza, nao wakalipa jina hilo. Januari 1862 Speke aliendelea na safari ya Buganda. Grant akabaki miezi kadhaa akiuguza mguu.

Kwenye Windermere yenyewe, mahali paitwapo Ambleside, ipo ngome ya Warumi, na misingi ya mawe ya malango na maghala yake ingaliko. Bweranyange ilisimama kwa miti, fito na nyasi, na vitu hivyo havimshindi mchwa. Kwa hiyo historia ya Karagwe sharti isomwe kwenye chuma.

Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, husimulia kwamba nchi ilikuwa ya Nono wa Malija, wa ukoo wa Basita, kabla Ruhinda hajaitwaa na kuwaachia Bahinda, ukoo wake, utawala. Ufalme wao uliambatana na uhunzi, na nyundo za chuma zilikuwa miongoni mwa alama za enzi.

Alipofariki mfalme Ndagara, katikati ya karne ya 19, wanawe waligombea kiti. Rumanyika alimshinda Rogero kwa msaada wa Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi wa Kaze, huko Unyanyembe, aliyelipwa pembe za ndovu. Jirani na kikale, Kafuro, wafanyabiashara wa Pwani waliweka makazi; Ahmed bin Ibrahim alikuwa mkubwa wao. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley aliingizwa kwenye nyumba ya hazina, akaona bata 16 wenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe 10 wa shaba wasio na vichwa.

Baada ya Rumanyika ulizuka ugomvi wa urithi, sotoka ikafyeka mifugo, kisha Wajerumani wakaja. Machifu walifutwa mwaka 1963. Wilaya ya Kyerwa ikamegwa kutoka Karagwe mwaka 2012.

Lakini nyundo za wafalme, pamoja na ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu, ziliendelea kutunzwa Bweranyange hata karne ya 20. Vyombo hivyo vinastahili uangalizi uleule wanaopewa Warumi kule Ambleside: vipimwe, vipigwe picha, na watoto wa Karagwe na Kyerwa wafundishwe kuvisoma.