Lili ya Altareni na Ukoo Wake



Juma hili tunaomba tuielekeze tafakari yetu mahali ambapo pengine hamkutarajia, yaani kwenye bustani ya maua iliyo kando ya kanisa. Kina mama wanaotunza maua ya altare wametuletea swali. Walichanga fedha, shilingi kwa shilingi, wakaagiza maua ya lili kutoka mjini. Mara ya kwanza yalichanua makubwa, na harufu yake ikalijaza kanisa zima. Mwaka uliofuata yakatoka majani matupu, na mengine hayakuota kabisa. Je, wachange tena? Naye mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza akaongeza la kwake: huenda maua haya yamegoma kwa sababu ni chotara, binadamu ameingiza mkono katika kazi ya Muumba. Maswali haya mawili ni ndugu kuliko yanavyoonekana, na majibu yake yamo katika historia.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo tunapojikwaa kwanza. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili, walipofika kwenye Wimbo Ulio Bora, walihitaji neno la ua ambalo Wazungu huliita lili. Lili halisi, zile ambazo wataalamu huziita Lilium, haziko porini popote katika Afrika yetu. Makao yake ni Asia, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Basi wengine wakachukua neno yungiyungi, ambalo watu wa pwani na wa maziwa hulitumia kwa ua lielealo juu ya maji. Wengine wakachukua nyinyoro, ua letu jekundu la mviringo linalochomoza ardhini mvua zinapoanza. Hatuwalaumu hata kidogo. Hata katika lugha za asili wataalamu hawajaafikiana ni ua gani hasa lililokusudiwa. Na neno la Kigiriki alilolitumia Mathayo kwa maua ya kondeni, krinon, ndilo lililozaa jina la kitaalamu la Crinum, mimea yenye maua makubwa meupe au yenye mistari ya waridi, ambayo jamaa zake humea katika mabonde ya Afrika Mashariki. Katika makala haya tutasema lili kwa maana ya lile ua halisi, na sehemu yake ya chini ya ardhi, inayofanana na kitunguu, tutaiita tunguu.

Lili iliyoingia kanisani kwanza ni moja tu, nyeupe, Lilium candidum, yenye asili ya nchi za mashariki mwa Bahari ya Kati. Hiyo ndiyo anayoishika Malaika Gabrieli katika picha ya Kupashwa Habari aliyoichora Leonardo da Vinci akiwa bado kijana, mnamo mwaka 1472. Hiyo ndiyo wachongaji huiweka mkononi mwa Mtakatifu Yosefu na mwa Mtakatifu Antoni wa Padua. Kwa karne nyingi watu walipanda ile waliyoirithi kwa babu zao, bila kuwaza kwamba ua laweza kuchanganywa na ua.

Wazo hilo lilikuja kwa kishindo mwaka 1717. Mtunza bustani wa London, Thomas Fairchild, alichukua chavua ya ua moja akaipaka kwenye ua la aina nyingine, jamaa ya mkarafuu wa bustanini, na mbegu zikatoa mmea ambao haukuwa huu wala ule. Watu wakauita nyumbu wa Fairchild, kwa kuwa kama nyumbu, mtoto wa punda na farasi, haukuweza kuzaa. Inasimuliwa kwamba jambo hilo lilimsumbua moyoni, kana kwamba ameuvunja mpango wa Mungu. Hayo ya moyoni hatuwezi kuyathibitisha. Lakini alipofariki mwaka 1729 wasia wake uliacha pauni 25 ili kila mwaka, katika siku za Pentekoste, ihubiriwe homilia kuhusu matendo ya ajabu ya Mungu katika uumbaji. Mzee wetu, basi, ana mwenzake wa tangu karne ya 18.

Na zaidi ya miaka mia moja baadaye, aliyetufundisha kanuni yenyewe ya uchotara alikuwa padre. Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Agustino huko Brno, alipanda njegere katika bustani ya monasteri, akahesabu watoto na wajukuu wa kila mche, akatoa matokeo yake mwaka 1865 na kuyachapisha mwaka 1866. Baadaye akachaguliwa kuwa abate, na kazi yake ikalala hadi mwaka 1900. Mendel alionyesha kwamba mchanganyaji haumbi kitu kipya kutoka utupu. Huzigawa upya sifa zilizokwisha kuwamo. Ndiyo maana tunamwambia mzee wetu kwamba hofu yake ni ya heshima, lakini haina budi kusogezwa mahali pengine. Swali si kama uchotara ni dhambi. Swali ni kama tunaijua asili ya kile tunachokipeleka shambani. Wazee wetu, kabla ya kupokea posa, huuliza ukoo. Na lili chotara iulizwe vivyo hivyo.

Ukoo wenyewe umekusanywa kwa jasho. Chotara anayefikiriwa kuwa wa kwanza kati ya lili za bustani alipatikana Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19, mtoto wa lili nyeupe ya Bikira Maria na lili nyekundu ya Ugiriki. Kisha zikaanza kuingia lili za China na Japani. Mwaka 1910 Mwingereza Ernest Wilson alirudi katika bonde la mto Min, mkoa wa Sichuan, kufuata lili nyeupe yenye umbo la tarumbeta aliyokuwa ameiona miaka saba kabla. Akiwa njiani mawe yaliporomoka mlimani na kumvunja mguu. Wenzake wakaufunga mguu kwa miguu ya mitatu ya kamera yake. Njia ilikuwa nyembamba, hakuna pa kupisha, na msafara wa nyumbu ulikuwa unakuja. Ikabidi alale chini na wanyama wale wamvuke mmoja baada ya mwingine. Alichechemea maisha yake yote. Maelfu ya matunguu yalifika salama, na damu ya lili ile, Lilium regale, imo katika chotara nyingi za leo zenye umbo la tarumbeta.

Baadaye kazi ikahamia Marekani. Jan de Graaff, mzaliwa wa Uholanzi, katika shamba la Oregon Bulb Farms, aliwachanganya jamaa wa Asia kwa maelfu, na katika miaka ya 1940 akatoa ile ya rangi ya chungwa iitwayo 'Enchantment', inayotazama juu na kuvumilia mengi. Mwaka 1974 Leslie Woodriff wa California akapata 'Stargazer', nyekundu yenye ukingo mweupe. Kabla yake, lili za kundi hilo la Mashariki ziliinamisha vichwa. Hii ikainua uso, ndiyo maana ikaitwa mtazama nyota. Ua hilo likawatajirisha wengi duniani. Woodriff mwenyewe alipata kidogo sana.

Hapa tunapenda kutaja jambo linalotugusa sisi Waafrika. Katika vichaka vya Afrika Mashariki hutambaa mmea wenye maua mekundu na manjano, petali zake zimepinda juu mfano wa ndimi za moto. Wataalamu huuita Gloriosa superba. Ndani yake mna sumu kali iitwayo kolchisini, ambayo pia imo katika ua fulani la malisho ya Ulaya, na wazazi wauzuieni kabisa usiguswe na watoto, hasa viazi vyake vya chini, maana umeua watu na mifugo. Mwaka 1937 wanasayansi wa Marekani walionyesha kwamba sumu hiyo, ikitumiwa kwa kipimo, huzidisha maradufu kromosomu za mmea. Na mwaka 1940 ikatangazwa kwamba imefanikiwa katika lili. Chotara aliyekuwa tasa kama nyumbu wa Fairchild akapata njia ya kuzaa. Kitu kile kile tunachokikanyaga njiani tukichunga ng'ombe ni ndugu wa ufunguo uliofungua mlango wa lili za kisasa.

Sasa turudi kwa kina mama. Lili iliyozoeleka zaidi siku ya Pasaka katika nchi nyingi, nyeupe na ndefu kama tarumbeta, ni Lilium longiflorum. Asili yake ni visiwa vya Ryukyu vya Japani, na Taiwan. Katika karne ya 19 kisiwa cha Bermuda kiliishi kwa kuuza matunguu yake, hadi ugonjwa ukayamaliza mashamba. Katika miaka ya 1920 ikajulikana kwamba ni virusi vinavyosambazwa na vidukari. Japani ikachukua soko. Mwaka 1919 Louis Houghton, askari aliyerudi kutoka vita, alifika pwani ya kusini ya Oregon na sanduku la matunguu, akawagawia majirani. Vita vilipokata mali ya Japani mwaka 1941, majirani wale wakajikuta wanachimba dhahabu nyeupe bustanini.

Kwa nini tunasimulia haya? Kwa sababu lili hii ni mtoto wa visiwa vyenye joto, na hukubali hali yetu kuliko ndugu zake wa milima ya theluji. Chotara wa Asia na wa Mashariki hutaka baridi kali wakati wa usingizi. Matunguu yanayokuja kutoka Uholanzi, ambako mengi ya dunia huzalishwa, huwa yamelazwa katika vyumba vya barafu, na baridi hiyo huyachanuza mara ya kwanza. Baada ya hapo yanakutana na Masieda, karibu nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, ambako mchana wa Juni na wa Desemba hautofautiani hata kwa saa moja. Baridi yetu ya Julai ni ya kuvaa koti, si ya kugandisha udongo. Tunguu halijui kwamba mwaka umepita. Maua yale hayakugoma, na wala hakuna aliyeyatunza vibaya.

Ushauri wetu, kwa hiyo, ni huu. Fedha ya kuchanga iende kwenye Lilium longiflorum, au kwa wale chotara waliotokana nayo na lili za Asia, ambao walienea sokoni katika miaka ya 1990 na huitwa LA. 'Stargazer' na jamaa zake waachiwe wenye jokofu: matunguu yachimbwe majani yakikauka, yafukiwe katika maranda yenye unyevu kidogo, yalale majuma sita hadi nane, mbali na ndizi na matunda mengine yanayoiva, kwa kuwa hewa ya matunda huyadhuru. Kundi hilo pia halipendi udongo wenye chokaa. Lili nyeupe ya Malaika Gabrieli, kwa masikitiko yetu, hatuishauri; imezoea majira ambayo sisi hatuna.

Tunguu lipandwe kina cha sentimita 15 hadi 20, mvua za Novemba zikianza, mahali pasipotuama maji. Nungunungu na fuko huyapenda mno, basi wavu wa kuku chini ya tuta si anasa. Mche wenye majani ya madoa na michirizi msigawiane kwa huruma. Ung'olewe uchomwe, mkikumbuka Bermuda. Na anayetaka kuagiza matunguu nje ya nchi aanze kwa kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mkipewa mbegu za lili ya Taiwan, Lilium formosanum, inayochanua kwa mbegu kabla mwaka haujaisha, fikirini mara mbili, kwani Afrika Kusini imeiweka kati ya mimea vamizi.

Tena hatuoni sababu ya nyinyoro na Crinum kukosa nafasi kandokando ya ua wa kanisa. Hazihitaji jokofu. Ila zisichimbwe porini kwa fujo. Mbegu zake huota, ingawa zataka subira ya miaka kadhaa.

Kwa masakristani tuna neno la mwisho. Katika Kwaresima maua hayawekwi altareni, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Hivyo Yosefu tarehe 19 Machi na Kupashwa Habari tarehe 25 Machi, zinapoadhimishwa ndani ya Kwaresima, zina ruhusa ya lili zake. Maua yasimame kuizunguka altare, si juu ya meza yake. Na kabla ya kuyaingiza kanisani, ua linapofunguka tu, ondoeni kwa vidole vile vifuko vya chavua vilivyo katikati. Chavua ikishaangukia kitambaa cheupe msikifute kwa maji wala msikisugue, maana doa litazama. Igusisheni kwa utepe wenye gundi mkiinua taratibu, kisha kianikeni juani.