Uzoefu, Mamlaka na Sera ya Moto Kichaa nchini Marekani

Mwezi Septemba 2023, tume ya wajumbe 50 iliwasilisha kwa Bunge la Marekani ripoti yenye mapendekezo 148 kuhusu jinsi taifa hilo linavyopaswa kuishi na moto kichaa. Tume hiyo ilizaliwa na sheria ya miundombinu iliyotiwa saini Novemba 2021. Iliongozwa kwa pamoja na Wizara ya Kilimo, wizara inayosimamia ardhi za umma, na FEMA, shirika la serikali kuu la kukabiliana na maafa. Walioketi humo walikuwa wakuu wa zimamoto, maofisa wa majimbo na wilaya, viongozi wa mataifa ya wenyeji wa asili, wanasayansi na watu wa sekta binafsi. Walijadiliana kwa mwaka mmoja na ushei, na mapendekezo yao yakapitishwa kwa maafikiano.

Ni rahisi kudhani kwamba siri ya kazi ya namna hii ni kuwakusanya wazoefu na kuwaachia nafasi waseme. Historia ya moto nchini Marekani haiungi mkono dhana hiyo. Sera iliyoiletea nchi hiyo hasara kubwa kuliko zote haikutungwa na washamba wa mambo ya moto. Ilitungwa na watu walioukabili moto ana kwa ana, wakaubeba mioyoni kwa miaka mingi, kisha wakapata madaraka.

Tarehe 20 na 21 Agosti 1910, upepo mkali uliunganisha mamia ya mioto midogo katika milima ya Idaho, Montana na Washington. Kwa siku mbili ziliteketea takriban hekta milioni 1.2, na watu wasiopungua 85 wakafa, wengi wao vibarua waliokuwa wakizima moto. Idara ya Misitu ilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Mkuu wake katika eneo hilo, aliyekaa Missoula, Montana, alikuwa William Greeley, na msaidizi wake alikuwa Ferdinand Silcox. Greeley alikuja kuiongoza Idara nzima kuanzia 1920. Silcox naye alishika wadhifa huo 1933, na miaka miwili baadaye akatoa amri inayokumbukwa hadi leo: kila moto, popote ulipo, uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata baada ya kuripotiwa.

Amri hiyo ilikuwa na mantiki yake. Ilikuwa na nguvukazi pia, kwa kuwa mpango wa serikali wa kuwaajiri vijana wakati wa mdororo wa uchumi ulitoa mikono mingi ya kujenga barabara, minara ya ulinzi na kambi. Na ilitoka kwa mtu ambaye hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hajui moto ni kitu gani.

Lakini alikuwapo mwingine. Elers Koch alikuwa msimamizi wa msitu wa Lolo mwaka uleule wa 1910, akauona moto uleule. Februari 1935, miezi michache kabla ya amri ya Silcox, alichapisha makala katika jarida la wanamisitu wa Marekani akidai kwamba katika nyika za ndani kabisa mapambano hayo hayana faida. Fedha zimemwagwa, barabara zimeikata nyika iliyokuwa salama, na moto mkubwa ukija bado unafanya utakavyo, kama ulivyofanya kiangazi cha 1934. Alipendekeza maeneo hayo yaachwe. Hakusikilizwa.

Kisa hiki ndicho kiini cha hoja yangu. Watu wawili walipitia tukio moja, wakatoka na mafunzo mawili yanayopingana. Uzoefu peke yake haukuweza kuamua nani kati yao yuko sahihi. Kilichoamua ni cheo. Hapakuwa na kikao ambamo Koch, au mtu yeyote wa mtazamo wake, angeweza kudai ajibiwe kwa hoja kabla amri haijatoka. Wala hapakuwa na kiti kwa Wakaruk na Wayurok wa kaskazini mwa California, ambao kwa vizazi vingi walikuwa wakichoma misitu yao kwa zamu na kwa majira ili kupata mialoni yenye mavuno, nyuzi za kusukia vikapu na malisho ya wanyama. Sheria ya California ya mwaka 1850 ilikuwa imekwisha kuufanya uchomaji wao kuwa kosa. Maarifa yaliyokuwa ya zamani kuliko Idara yenyewe yaligeuzwa kesi ya jinai.

Matokeo yake yanaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusimama ndani ya msitu mkavu. Misonobari ya magharibi mwa Marekani, hasa ile ya maeneo ya chini na ya kati, ilizoea moto mdogo unaopita ardhini kila baada ya miaka michache. Moto huo ulikula majani makavu na miche, ukaiacha miti mikubwa yenye magome mazito ikiwa hai. Ulipozuiwa kwa miongo kadhaa, miche ikakua ikasongamana, ikawa ngazi ya kuupandisha moto hadi vileleni. Msomaji wa Tanzania anayejua kwa nini miombo huchomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto wa Septemba na Oktoba ukose cha kula, ataitambua kanuni hiyo mara moja. Joto la dunia limekuja kuongeza ukavu juu ya mrundikano ambao sera ilikuwa imeuweka tayari.

Idara ya Misitu iliiacha amri ya saa nne asubuhi mwaka 1978. Mwaka 1995, baada ya wazimamoto 14 kufa Colorado tarehe 6 Julai 1994, serikali kuu ilitoa sera mpya iliyotamka kwamba uhai wa mzimamoto unatangulia kila kitu, na kwamba moto ni sehemu ya maumbile ambayo inapaswa kurudishwa mahali pake. Mwaka 2014 ukafuata mkakati wa kitaifa wa kuunganisha juhudi za ngazi zote. Kwa maandishi, basi, Wamarekani wana sera nzuri kwa takriban miaka 30. Kwa vitendo, mioto 98 kati ya kila 100 bado huzimwa katika shambulio la kwanza, na ile michache inayoponyoka hutokea siku za upepo na ukame mkali, yaani siku mbaya kuliko zote. Mwaka 1995 kazi ya moto ilichukua asilimia 16 ya bajeti ya Idara ya Misitu; kufikia 2015 ilikuwa imevuka nusu. Mji wa Paradise, California, uliangamia kwa moto tarehe 8 Novemba 2018, watu 85 wakafa. Lahaina, Hawaii, iliungua Agosti 2023, wiki chache kabla tume haijatoa ripoti yake, na waliokufa huko walikuwa takriban 100.

Kwa nini sera nzuri isitekelezwe na viongozi wanaoiamini? Jibu, kwa maoni yangu, liko katika namna lawama inavyogawanywa. Kiongozi anayeagiza moto uzimwe, hata kama kwa kufanya hivyo anaongeza hatari ya miaka 20 ijayo, hatalaumiwa na mtu. Anayeruhusu moto uliopangwa uwashwe huweka kazi yake rehani. Mwaka 2022 mioto miwili iliyowashwa na Idara ya Misitu yenyewe huko New Mexico iliponyoka, ikaungana, ikateketeza takriban hekta 138,000 na mamia ya nyumba za watu ambao familia zao zimeishi katika mabonde yale kwa vizazi. Bunge lililazimika kutenga karibu dola bilioni 4 za fidia, na mkuu wa Idara akasimamisha uchomaji nchi nzima kwa siku 90. Oktoba mwaka huohuo, huko Oregon, sherifu alimkamata msimamizi wa uchomaji wa serikali kazini baada ya moto kuvuka hadi shamba la mtu binafsi. Nani, baada ya kuona hayo, atatia saini kibali kwa moyo mweupe?

Machungu ya watu wa New Mexico si ya kupuuzwa; waliharibiwa maisha na serikali yao. Lakini sera inayomwadhibu anayepunguza hatari na kumsitiri anayeilimbikiza haiwezi kurekebishwa kwa kumtafuta kiongozi jasiri zaidi. Inahitaji kubadilishwa hesabu yenyewe, na hapa ndipo tume ya 2023 ilipofanya kazi yake bora. Ilipendekeza mfuko wa fidia kwa wanaodhurika moto uliopangwa unapoponyoka. Ilitaka wazimamoto wa serikali kuu walipwe vizuri, wapate makazi na huduma za afya ya akili. Ilisisitiza kwamba nyumba na mji mzima viandaliwe kabla ya moto, kwa kuwa msitu si mahali pekee panapoungua. Na ilitaka mataifa ya wenyeji yapewe mamlaka halisi juu ya uchomaji wa kimila. Sidhani mapendekezo hayo yangetoka kwenye kikao cha wakuu wa Idara peke yao, hata wangekuwa wazoefu kiasi gani. Yalihitaji anayewasha, anayezima, anayelipa bima na anayevuta moshi waketi pamoja mpaka wakubaliane. Mwaka 2024 California ilipitisha sheria inayoyaruhusu mataifa ya wenyeji kuchoma kimila kwa makubaliano na jimbo, badala ya kuomba kibali kwa kila moto. Miaka 174 tangu sheria ile ya 1850 ni mingi.

Udhaifu wa tume uko kwingine. Iliundwa kwa muda, ikaandika, ikavunjwa. Tulinganishe na Ureno. Mwaka 2017 moto wa Juni ulioanzia Pedrógão Grande uliua watu 66, na ule wa Oktoba ukaua karibu 50. Bunge la nchi hiyo lilikuwa limeteua tume huru ya wataalamu, nayo ikatoa ripoti Oktoba hiyohiyo. Hatua iliyofuata ndiyo ninayoitilia mkazo: serikali ilimwita Tiago Oliveira, mhandisi wa misitu aliyekuwa ameshughulikia kinga ya moto kwa miaka mingi, ikampa jukumu la kugeuza mapendekezo kuwa chombo. Mwaka 2018 likaanzishwa shirika la kuratibu masuala ya moto lililowekwa chini ya waziri mkuu, lenye kazi ya kuwaunganisha wanamisitu, zimamoto, polisi na wakulima, na kutoa taarifa ya utekelezaji kila mwaka. Fedha za kinga, ambazo kabla ya hapo zilikuwa kama moja ya tano ya matumizi yote, zilipanda hadi kukaribia nusu. Misimu mikali ya 2024 na 2025 imeonyesha kwamba Ureno haijamaliza kazi. Zaidi ya tisa ya kumi ya misitu yake iko mikononi mwa watu binafsi, wengi wenye vipande vidogo visivyotunzwa. Hata hivyo Mreno anajua amuulize nani kwa nini ahadi fulani haijatimizwa. Mmarekani, mbele ya mapendekezo 148, hana wa kumuuliza.

Januari 2025, Los Angeles ikiwa bado inafuka moshi wa mioto ya mwezi huo, Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa misitu wenye baadhi ya mawazo ya tume ndani yake, pamoja na vifungu vinavyolegeza ukaguzi wa mazingira ambavyo vyama vya uhifadhi vinavipinga vikali. Ubishi huo ni wa haki, na ungepaswa kufanyika mbele ya watu walewale waliokwisha kuonyesha kwamba wanaweza kukubaliana. Bunge la Marekani liunde chombo cha kudumu cha kufuatilia mapendekezo yale 148, likipe mamlaka ya kuziita wizara na kuzihoji hadharani kila mwaka, na viti vyake wasipewe wakuu wa serikali kuu peke yao.