Ardhi ya Ukoo na Minazi ya Rehani: Umiliki wa Simba na Yanga Ukitazamwa kutoka Mafia

Suala la nani mwenye klabu ya mpira nchini Tanzania ni la zamani kuliko mabilioni yaliyotangazwa mwaka 2016, na wala si la Kariakoo peke yake, kwa kuwa watu wengi wanaozihesabu Simba na Yanga kuwa zao wanaishi mbali na mitaa ya Msimbazi na Jangwani. Wilaya ya Mafia, iliyo katika mkoa wa Pwani na yenye makao makuu Kilindoni, inaonyesha vizuri umbali huo: mwenyeji wake anayekwenda Dar es Salaam bila kupanda ndege huvuka kwanza kwa chombo hadi Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, ndipo ashike barabara. Kwa miongo mingi mpira wa klabu hizo ulimfikia kwa sauti ya Radio Tanzania, na baadaye kwa runinga za vibanda umiza, yaani vibanda ambamo watu hulipa kiingilio kidogo na kubanana kwenye mabenchi kutazama mechi. Bahari haijapunguza ushabiki wake, bali kauli yake katika maamuzi.

Kisiwa hicho kina historia yake ya kutenganisha mwenye kitu na mwenye faida ya kitu. Pwani ya Afrika Mashariki ina mila ya kuhesabu ardhi mbali na miti iliyo juu yake, na Mafia, iliyoishi kwa nazi na mbata tangu karne ya 19, ni mahali ambapo mila hiyo imechunguzwa kwa kina. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa kisiwa katika miaka ya 1960, ameeleza jinsi ardhi ya msitu ilivyokuwa ya ukoo, na mtu kupata haki ya kuilima kwa nasaba ya baba au ya mama, ilhali mnazi ulikuwa mali ya mtu binafsi, aliyeweza kuuza, kurithisha au kuweka rehani. Mwenye minazi aliyebanwa na shida alimwachia mdai miti yake, na mdai akaangua nazi, akazifua na kuzikausha ziwe mbata, msimu baada ya msimu, hadi deni lilipwe. Minazi ilibaki kuwa ya mwenyewe kwa jina, lakini mwenye kuvuna alikuwa mwingine, na deni lililokawia kulipwa liliweza kumfanya mwenye jina awe mgeni shambani mwake.

Klabu kubwa za Dar es Salaam ziliasisiwa kwa misingi iliyo karibu zaidi na ile ya ardhi ya ukoo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936, ikiitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, kabla ya kupewa jina lake la sasa mwaka 1971. Zote mbili zilikuwa klabu za wanachama, yaani jumuiya ambazo mtu hulipa ada, hupewa kadi na kupata haki ya kupiga kura, bila kuwa na hisa anayoweza kuiuza. Hata hivyo fedha ilileta mifarakano mapema. Katika miaka ya 1970 Yanga iligawanyika kati ya kundi lililoitwa Kandambili, kwa jina la ndara za mtu wa kawaida, na lile la Raizoni, kwa jina la viatu virefu vya fasheni ya wakati huo, na mgawanyiko huo ukazaa klabu ya Pan African. Miongo miwili baadaye Yanga hiyohiyo iligawanyika tena, safari hii kati ya Yanga Kampuni, waliotaka klabu iendeshwe kibiashara, na Yanga Asili, waliotaka ibaki ya wanachama. Waliowaona Yanga Asili kuwa wazee wasioelewa mambo ya kisasa hawakuwatendea haki, kwa sababu hoja yao, kwamba kilichouzwa hakirudi, haijawahi kujibiwa ipasavyo.

Mwaka 2016 hoja hiyo ilirudi kwa nguvu katika klabu zote mbili. Yusuf Manji, aliyekuwa mwenyekiti wa Yanga, aliomba akodishwe timu na nembo kwa miaka 10, ili asilimia 75 ya faida iwe yake na asilimia 25 ya klabu, naye abebe hasara. Upande wa Simba, Mohammed Dewji, maarufu kwa jina la Mo, alitangaza nia ya kutoa shilingi bilioni 20 ili apate asilimia 51 ya hisa. Pendekezo la kwanza lilifanana na rehani ya minazi, jina likibaki kwa wenyewe na mavuno yakienda kwingine, na ni vema halikutekelezwa. La pili lilikuwa la kununua na ardhi yenyewe. Serikali iliingilia kati kwa kanuni inayotaka wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasizidi asilimia 49, kanuni inayokaribiana na ile ya Ujerumani, ambako tangu mwaka 1998 wanachama hutakiwa kushika kura nyingi katika klabu zao. Mkutano wa Simba wa tarehe 3 Desemba 2017 ulimthibitisha Dewji kuwa mshindi wa zabuni, ingawa ukamilishaji wa mabadiliko hayo kisheria ulikawia.

Matokeo ya uwanjani yalikuwa mazuri, na haifai kuyaficha: Simba ilitwaa ubingwa wa ligi mara nne mfululizo kuanzia msimu wa 2017/18, na ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2019 na 2021. Shabiki wa Kilindoni alifurahia ushindi huo kama shabiki wa Temeke. Lakini asilimia 51 ya wanachama si ya mashabiki wote. Ni ya wenye kadi hai wanaoweza kufika mkutanoni au kuwakilishwa. Mafia iliwahi kukabidhiwa mwaka 1890 kutoka kwa Sultani wa Zanzibar kwenda kwa Wajerumani, kisha ikatwaliwa na Waingereza mwaka 1915, bila wenyeji kuulizwa lolote, na haipendezi watu walewale wasiulizwe hata juu ya klabu wanayoipenda.

Mfumo wa wajumbe wa matawi, uliotumika katika uchaguzi wa Yanga wa mwaka 2022, unapunguza kikwazo cha bahari, kwa kuwa mjumbe mmoja anaweza kuvuka na kauli ya wengi. Klabu nazo ziyafikishie matawi ya mbali hesabu na mikataba kabla ya kura, si baada yake, na mashabiki wa Mafia, wa Simba na wa Yanga, walipe ada, wachukue kadi na kusajili matawi yao mapema, kabla pendekezo jingine halijaletwa mezani.