Habari za Vyuo vya Wananchi Katika Nchi ya Lindi na Masasi

Katika kitabu cha jubilei hukosi kuona habari za makanisa, za mapadre, na za shule za zamani. Sisi tumeona yafaa kuweka pamoja nazo habari za vyuo ambavyo havikujengwa kwa kutayarisha makasisi wala makarani, bali kwa watu wazima wa vijijini wapate kujifunza bila kuiacha nchi yao. Serikali huviita Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vilianzishwa mwaka 1975, na mwaka 2025 vilitimiza miaka hamsini. Basi navyo vina jubilei yao, ingawa wengi wetu hupita mbele ya milango yake bila kujua kazi ifanyikayo ndani.

Mtu akisimama Mnazi Mmoja, pale Mingoyo njia zigawanyikapo, aweza kuvihesabu vya upande wetu kwa vidole vya mkono mmoja. Akielekea kaskazini, atapita Lindi mjini na kuendelea hata Kilwa Masoko, na huko kiko kimoja. Akishika njia ya bara atafika Masasi, nako kiko. Akipanda nchi ya juu ya Makonde atakuta cha Newala. Na upande wa Mtwara kiko cha Mtawanya. Cha tano ni Chilala, ambacho, kama kile cha Kilwa, ki katika mkoa wa Lindi. Katika nchi nzima viko zaidi ya hamsini.

Neno lenyewe chuo si geni pwani. Kwa asili maana yake ni kitabu. Ndipo nyumba wasomamo watoto Kurani ikaitwa chuoni, na mtu wa elimu akaitwa mwanachuoni. Na watu wa bara nao walikuwa na mafundisho yao. Vijana wa Wayao, Wamakua na Wamakonde walikwenda jando, wakakaa porini mbali na mama zao, wakala pamoja, wakaonywa na wakubwa, kisha wakarudi kijijini hali wamekuwa watu wazima. Jambo tutakalo mlitazame ni hilo la kurudi. Hakuna aliyepelekwa jandoni ili apotee.

Shule za misheni zilipokuja, habari ya kurudi ikawa ngumu. Askofu Edward Steere aliwaongoza watumwa waliokombolewa kutoka Unguja kwa njia ya Lindi hata Masasi mwaka 1876, na shule ikafuata mara. Lakini mwenye akili nyepesi hakukaa. Alipelekwa Kiungani, huko Unguja, kwa masomo makubwa. Padre Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, alisoma Kiungani, akasoma na Canterbury huko Uingereza, akapewa upadre mwaka 1890, akafanya kazi miaka mingi Chitangali, katikati ya Wayao wenzake. Huyo alirudi, na nchi ilipata faida kubwa. Wako wengine walioshika kalamu vizuri wakawa makarani na wakalimani mijini, na kijiji kilichowazaa kikabaki kama kilivyokuwa. Hatuwalaumu, mshahara ulikuwako huko. Twasema tu kwamba tangu siku zile, kusoma na kuhama vimekuwa kama ndugu mapacha katika mawazo ya watu.

Wabenedikto waliofungua misheni ya Ndanda mwaka 1906, baada ya Nyangao kuchomwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, walishika pia kazi za mikono, useremala na uashi. Mafundi waliojifunza kwao hawakuhitaji kwenda mbali kupata kazi, maana kila kijiji kina mlango wa kutengenezwa.

Ni nani atakayesema kwamba nchi hii ilikosa kazi? Mingoyo ni shahidi. Wakati wa vita vya 1914 hata 1918, Waingereza walitandika reli nyembamba kutoka hapa kuelekea bara. Yalikuwako mashamba ya mkonge. Mwaka 1947 ukaanza mpango mkubwa wa karanga, ukafika Nachingwea; reli ikajengwa kutoka Mkwaya, penye hori ya Lindi, zikaja trekta na mainjinia. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na katika miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Gesi ilionekana Songo Songo, upande wa Kilwa, mwaka 1974, na tangu mwaka 2010 imeonekana nyingine nyingi katika bahari yenye kina mbele ya pwani yetu. Katika mambo hayo yote swali ni lile lile: kazi ijapo kwa ghafula, ni nani aliye tayari kuishika? Mwenyeji asiye na ufundi hupewa jembe na koleo. Kazi ya kuunga chuma na ya kuvuta nyaya za umeme hupewa mgeni aliyefundishwa kwao. Si uchoyo wa mgeni. Fundi hapatikani kwa juma moja.

Sasa turudi kwenye asili ya vyuo. Katika nchi ya Denmaki alikuwako kasisi aitwaye N. F. S. Grundtvig, aliyeona kuwa wakulima wafaa kupata shule yao wenyewe, ya kukaa pamoja na kuzungumza kwa lugha yao, pasipo mitihani ya kutisha. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Waswidi wakaiga mwaka 1868. Tanganyika ilipopata uhuru, nchi za kaskazini ya Ulaya zilisaidia kujenga kituo cha elimu Kibaha, kilichofunguliwa mwaka 1963. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akatoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wakaonekana jioni wakiandika herufi chini ya miembe. Lakini mtu akiisha kujua kusoma, asome nini, tena afanye nini? Kwa ajili ya hao serikali ilifungua vyuo hivi mwaka 1975 kwa msaada wa Uswidi.

Kanuni ya kwanza ilikuwa njema sana kwa maoni yetu. Kijiji chenyewe kilimchagua mtu, kikampeleka, kikamngojea. Hakupewa cheti cha kutafutia kazi mjini, maana kazi yake ilikuwa nyumbani.

Na maisha ya chuoni yakoje? Msidhani ni darasa na ubao tu. Asubuhi na mapema wako wanaokwenda shambani na wanaotazama mifugo; kisha masomo; kisha karakana. Mtu aliyejenga nyumba kumi kwa kukisia kwa macho ashika timazi na pimamaji, aona kwamba ukuta wake aliousifu umeinama. Useremala hufundishwa kwa randa na patasi, ushonaji kwa cherehani na futikamba, na wako wanaojifunza upishi, umeme, na ufundi wa magari. Hesabu inayomshinda mtu ubaoni humwelea akipima mbao, kwa kuwa ubao ukikatwa mfupi haurefuki. Jioni kuna mpira, kuna ngoma, kuna mabishano ya mambo ya nchi. Mama mwenye watoto huketi benchi moja na kijana asiye na ndevu. Mmakonde wa Newala akaa na Mmwera wa Lindi na Mngindo wa Kilwa, Mwislamu na Mkristo, wala hapana anayeulizwa dini yake wakati wa kuteka maji. Hayo hayaandikwi katika vyeti, nasi twayahesabu kuwa nusu ya faida.

Walakini si yote yaliyokwenda vema. Fedha za Uswidi zilikwisha katika miaka ya 1990, mapaa yakavuja na vyombo vikachakaa. Na watu wenyewe walianza kunung'unika kwa habari ya cheti: fundi amejifunza miaka miwili, lakini akienda kuomba kazi hana karatasi, na asiye na ufundi ila ana karatasi ampita. Mdomoni mwa watu chuo kikawa chuo cha walioshindwa. Katika miaka ya 2010 vyuo vikaanza kufundisha mafunzo ya ufundi ya VETA na kutayarisha wanafunzi kwa mitihani yake, na baadaye majengo yakakarabatiwa. Twaona walifanya haki, maana cheti ni ngao ya maskini mbele ya mwajiri. Lakini kuna hasara katika faida hiyo, wala haifai kuificha. Madarasa sasa yamejaa vijana waliotoka shule, na yule mkulima wa miaka arobaini, aliyekuwa ndiye mwenye chuo hapo kwanza, haonekani sana. Wala kijiji hakimchagui mtu tena. Kila mmoja ajiendea mwenyewe, na aliyejiendea mwenyewe hana anayemngojea.

Liko kundi moja ambalo kwa ajili yake twaona vyuo vimerudia kazi yake ya asili, nalo ni wasichana waliotoka shule kwa sababu ya uja uzito. Ninyi waalimu mwajua majina yaliyofutwa katika madaftari yenu, wala katika nchi yetu si machache. Kwa miaka mingi msichana wa namna hiyo hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali. Mlango ulifunguliwa mwezi wa Novemba 2021. Hata kabla ya hapo vyuo vya wananchi vilikuwa vimekwisha kuwapokea, kwa mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, ambao mwanafunzi husoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi, akaja na mtoto wake. Mtoto huachwa kwa walezi katika nyumba iliyo pale pale chuoni. Akilia kwa njaa, mama hutoka darasani akamnyonyesha, kisha hurudi kwenye hesabu zake.