Dubu wa Nandi Katika Reli ya Magadi: Jina, Tafsiri na Ushahidi

Katika mwaka 1913 mhandisi mmoja aliyeitwa Hickes, mwenye dhamana ya ujenzi wa reli ya Magadi, alitoa taarifa ya ajabu. Reli hiyo hutoka Konza, hupita Kajiado, kisha huteremka katika Bonde la Ufa hadi kwenye ziwa la magadi. Hickes alikuwa juu ya kigari cha reli kilichokuwa kikienda kasi alipomwona mnyama mbele yake. Kwanza alidhani ni fisi. Baadaye, kwa kuwa mabega ya mnyama yalikuwa ya juu na manyoya yake marefu, alikata shauri kwamba huyo si fisi, bali ndiye yule kiumbe aliyekuwa akizungumzwa na watu wa reli. Taarifa hiyo ilichapishwa katika jarida la Jumuiya ya Elimu ya Viumbe ya Afrika Mashariki na Uganda, iliyoundwa Nairobi mwaka 1909, pamoja na habari nyingine zilizokusanywa na C. W. Hobley, mtumishi wa serikali ya kikoloni. Tangu hapo Kajiado ikaingia katika historia ya mnyama ambaye Waingereza walimwita Dubu wa Nandi, muuaji wa ng'ombe, kondoo na watu.

Makala haya hayakusudii kuamua kama mnyama huyo alikuwako au hakuwako. Swali hilo ni la wataalamu wa wanyama, na majibu yao tutayataja. Tunalouliza sisi ni jinsi kiumbe wa misitu ya Nandi alivyofika katika nyika kavu ya Umasai, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwao, bila ya kuhama. Kwa maoni yetu alisafiri ndani ya maneno.

Kwanza yafaa tuwatendee haki waliosadiki. Zama zile hazikuwa za wajinga. Okapi wa Kongo alitambuliwa na wataalamu wa Ulaya mwaka 1901 tu, na nguruwe mkubwa wa msituni mwaka 1904, ilhali wenyeji wa misitu hiyo walikuwa wakiwajua tangu zamani. Aliyekwisha kuaibishwa mara mbili kwa kupuuza maneno ya wenyeji alikuwa na sababu ya kutega sikio mara ya tatu. Kasoro haikuwa katika kusikiliza, ilikuwa katika namna ya kusikiliza.

Tuchukue jina chemosit. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotoka mwaka 1909, ameeleza wazi Wanandi walimaanisha nini kwa neno hilo. Chemosit ni nusu mtu na nusu ndege. Ana mguu mmoja na matako tisa, na kinywa chake chekundu hung'aa usiku kama taa. Hutembea kwa kuegemea fimbo iliyo kama mkuki. Msomaji yeyote aliyekua kwa hadithi za Kiswahili atamtambua mara moja: huyu ni zimwi. Hakuna bibi wa pwani aliyepata kuulizwa zimwi ana uzito wa ratili ngapi, wala nyayo zake zina vidole vingapi. Lakini miaka minne tu baada ya kitabu cha Hollis, jina lile lile limeshapachikwa juu ya mnyama mwenye manyoya na nyayo za kupimwa. Matako tisa yaliachwa njiani. Kilichobaki ni jina, na hofu.

Sambamba na chemosit yaliandikwa majina mengine: kerit kwa Wanandi, koddoelo kwa Wapokomo wa Mto Tana, na duba. Majina hayo ni ya lugha mbalimbali na ya mazingira mbalimbali, nayo yote yalitiwa katika kapu moja kana kwamba ni visawe. Jina la mwisho ndilo linalotuhusu zaidi. Duba ni dubb ya Kiarabu, ndiyo dubu yetu. Kusini mwa Sahara hakuna dubu wa mwituni. Mswahili alimjua mnyama huyo kwa kusikia tu, kama alivyomjua joka la vichwa saba. Sasa tufikirie mazungumzo katika kambi ya reli: mzungu anauliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, kibarua anajibu kwa Kiswahili ambacho aghalabu si lugha ya mama yake, na jambo lenyewe limetoka katika lugha ya tatu. Neno dubu likishatamkwa katika mazungumzo hayo, na lolote aliyelitamka kwanza, dubu amekwisha kuzaliwa.

Hapa hatuna budi kumkumbuka William Hichens, ambaye wasomaji wetu wanamjua kuwa mhariri wa Al-Inkishafi (1939) na wa Diwani ya Muyaka (1940). Mtaalamu huyo huyo alikuwa msadiki mkubwa wa mngwa, paka mkubwa wa pwani ya kusini. Mwaka 1927 aliandika juu ya wanyama wa ajabu kwa jina la kubuni la Fulahn, ambalo Mswahili hawezi kulisoma bila ya kutabasamu. Mwaka 1937 aliandika tena, safari hii kwa jina lake, na hata ushairi unaonasibishwa na Liongo aliutia katika ushahidi wake. Nunda wa hadithi ya Sultani Majnun, iliyochapishwa na Steere mwaka 1870, naye akawa mnyama wa kuwindwa. Tunamheshimu Hichens kwa kazi yake ya tenzi. Lakini mtu aliyejua fasihi kiasi kile angejua kwamba hadithi si hati ya kiapo.

Wataalamu wa wanyama waligawanyika. C. W. Andrews alidokeza mwaka 1923 kwamba huenda ni mabaki ya mnyama wa kale mwenye makucha, wa ukoo wa mbali wa farasi na kifaru, na Louis Leakey alilizungumzia wazo hilo tena mwaka 1935. Ajabu ni kwamba mnyama huyo wa kale alikula majani! R. I. Pocock, aliyechunguza jambo hilo mwaka 1930, alisema ni fisi. Baadaye, mwaka 1955, Bernard Heuvelmans alikiri kwamba chini ya jina hilo moja wamejificha wanyama kadhaa, miongoni mwao fisi na nyegere. Kwa hiyo macho ya Hickes yalikuwa sahihi mara ya kwanza, kabla ya jina kumfikia.

Na Wamasai, wenye ng'ombe? Mwaka ule ule wa 1913 walikuwa mahakamani wakipinga kuhamishwa kutoka Laikipia kuletwa katika hifadhi ya kusini, ambayo ndani yake imo Kajiado, na kesi yao ikatupwa. Katika mjadala wa mnyama hawakuwa mashahidi wakuu, ingawa hakuna aliyewashinda katika kusoma mzoga. Lugha yao ina neno olowuaru, yaani mnyama mla nyama kwa jumla. Chui huitwa olowuaru keri, mla nyama mwenye madoa, na fisi ana jina lake, olng'ojine. Mchungaji asemaye olowuaru hajasema zimwi wala hajasema dubu. Amesema kwamba kilichoua kina meno, na kwamba bado hajakijua ni kipi.

Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Mwezi wa Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela, katika kijiji cha Ilkeek-Lemedung'i, baada ya kuingia bomani na kuua mifugo. Upande wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, uliachwa bila ya ua ili wanyama wapite kwenda na kurudi, na nyumba zimeijaza nyika waliyokuwa wakiipita. Mwaka uliofuata Kenya ilipitisha sheria ya wanyamapori yenye kutaja kwa majina wale ambao madhara yao hulipiwa fidia, miongoni mwao simba, chui, duma na fisi. Asubuhi, mwenye mbuzi aliyeamka akakuta boma limevunjwa hutakiwa kutaja jina. Akisema olowuaru, karani hana pa kuliandika. Basi hurudi kwenye mzoga, hutazama koo kama lina matundu ya meno, hutazama mifupa kama imesagwa, hufuata nyayo mchangani hadi zinapopotea kwenye majani, kabla ya jua kupanda na ng'ombe wa jirani kuzikanyaga.