Furaha ya Kungoja Kilicho Chetu

Wanachama wenzetu, katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, twaona haitoshi kuhesabu magunia na maghala peke yake. Liko jambo lisiloandikwa katika daftari za hesabu, nalo limetufaa sana: furaha aipatayo mtu aliyekwisha kuipangia kesho yake.

Jambo hili lina historia ndefu katika ushirika. Mjini Rochdale, Uingereza, wafumaji wa nguo za sufu walikuwa watu wa ujira mdogo. Baadhi yao walipatana kuweka peni mbili kila juma, na polepole zikapatikana pauni 28. Jioni ya tarehe 21 Desemba 1844 wakafungua duka katika njia iitwayo Toad Lane, lenye unga, siagi, sukari na vitu vingine vichache. Wako waliowacheka. Lakini katika masharti yao ya mwaka ule ule walikuwa wamekwisha kuandika kwamba watajenga nyumba, watafungua viwanda na kulima mashamba yao wenyewe. Twaamini kuwa furaha yao ilianza siku ile ya kuandika, wala haikungoja rafu zijae. Kufikia mwaka 1850 wanachama walikuwa 600.

Katika nchi yetu, wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama cha wapanda kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha KNCU. Mkulima wa kahawa ni mtu wa kungoja, kwani mbuni hauzai mpaka upate miaka mitatu au minne. Ushirika ukamwongezea kungoja kwingine: hupokea malipo ya kwanza aletapo kahawa yake, na malipo ya pili baada ya kahawa kuuzwa.

Sisi tulio makarani wa vyama tumeyaona matunda ya kungoja huko. Mzee mmoja alikuwa akipita ofisini kila siku ya soko kutukumbusha idadi ya mabati atakayonunua. Malipo yalipofika, alitucheka akisema kwamba nyumba ile amekwisha kuilala miezi mitano.

Hata hivyo, yatupasa kukiri kosa letu. Mwaka mmoja malipo ya pili yalichelewa, nasi hatukutoa habari yo yote. Wanachama walipouliza, tulijibu, “Karibuni.” Wiki zikapita, na jibu likawa lile lile. Baadhi yao wakauza kahawa ingali mtini kwa walanguzi, kwa bei ya kusikitisha. Na yule mzee akaacha kupita ofisini. Hapo tulifahamu kwamba kungoja humfurahisha mtu anapojua angojalo. Asipojua, kungoja kule kule humla moyo.

Tangu wakati huo hubandikwa tangazo mlangoni pa kila chama: kahawa iliyouzwa, iliyobaki, na tarehe inayotazamiwa ya malipo. Msimu bei iliposhuka, wanachama walinung’unika, lakini hawakukimbilia walanguzi, kwa kuwa waliijua hesabu mapema.

Sasa Mkutano Mkuu unatazamiwa kuamua juu ya ziada ya mwaka huu. Wako wanaotaka igawanywe yote. Wako wanaotaka sehemu yake iwekwe akiba kwa kiwanda chetu cha kukoboa kahawa. Sisi twaunga mkono kiwanda, ila kwa sharti moja: gharama yake, mchango wa kila mwaka na mwaka wa kukifungua viandikwe mlangoni pa kila chama, hata asiyehudhuria mkutano avisome. Akiba isiyo na tarehe haitamfurahisha mtu, na ahadi ni deni.

Yule mzee ameanza tena kupita ofisini siku za soko. Safari hii anauliza habari za kiwanda. Twaomba, ndugu zetu, tuwe na jibu la kumpa.